Wingu la Mama Mkwe

Profesa hakuwahi kusoma chuo kikuu chochote. Alikanyaga kimoja mara moja tu, siku ya mahafali, akawakodishia wazazi viti vya kukalia. Viti vyenyewe vilikuwa mali ya chuo. Jina la Profesa alipewa siku hiyohiyo na mlinzi aliyemtoa getini kwa kumshika kola, na kwa kuwa lilikuwa jina zuri, akaona si busara kuliacha lipotee bure.

Asubuhi mambo haya yalipoanza, alikuwa ameketi kwenye benchi la Ofisi ya Afya akisubiri muhuri kwenye cheti cha ugonjwa. Ugonjwa haukuwepo, ila mteja aliyeuagiza alikuwa amelipa nusu. Feni ya Mkurugenzi ilikuwa imekufa, mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya hewa, na sauti ikatoka mpaka kwenye benchi.

"Ndiyo, Daktari. Nimeelewa, Daktari. Takwimu za zahanati zote zikae mahali pamoja. Kwenye wingu. Ah, wingu tena! Nani asiyejua wingu?"

Simu ikakatwa. Kisha Mkurugenzi akamwuliza katibu wake kwa sauti ya chini, "Hivi wingu ni nini?"

"Labda mambo ya hali ya hewa, bosi."

"Na bajeti yake imeshatoka," akasema Mkurugenzi, safari hii kwa upole, kama anayetaja jina la mtoto wake.

Ujinga na bajeti vikiingia pamoja katika sikio la tapeli, hakuna dawa ya kuvitoa. Profesa aliusahau muhuri. Alinyoosha tai, akavaa miwani yake ya vioo vitupu, akagonga mlango.

"Samahani, Mheshimiwa. Ni hapa panapohitajika wingu?"

Mkurugenzi, mtu mnene mwenye tai iliyoishia juu ya kitovu, alimtazama kuanzia viatu. "Wewe nani?"

"Mtaalamu wa mawingu. Wenzangu huniita Profesa, nimewakataza mpaka nimechoka."

"Wingu lako ni la namna gani?"

Hapo Profesa, ambaye naye alikuwa hajui wingu ni nini, alivuta pumzi. "La kisasa, Mheshimiwa. Halinyeshi."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jibu alilolitarajia. "Vizuri. La zamani lilitusumbua sana kwa kunyesha."

Wakatazamana, kila mmoja akiomba asiulizwe swali la pili. Urafiki mwingi wa maofisini huanzia hapo.

"Likishapaa," Profesa akaongeza, "huwa linamwachia mwenye nyumba kivuli kidogo."

"Kivuli kiasi gani?"

"Cha kukutosha wewe na familia."

Mkurugenzi akafunga mlango, joto liwepo lisiwepo. Walipomaliza, Profesa alikuwa na mkataba na kianzio kidogo. Fedha yenyewe hasa, Mkurugenzi alisema, ingetoka wingu likishaonekana linafanya kazi, karibu na siku Daktari wa makao makuu atakapokuja kulizindua. "Mimi si mtoto, Profesa. Kwanza nilione."

Hilo lilimharibia Profesa hesabu zote. Kipaji chake kilikuwa cha kuuza vitu visivyokuwepo na kuondoka. Kuuza kitu kisichokuwepo halafu ukabaki kukiendesha, hiyo kwake ilikuwa taaluma nyingine kabisa. Alirudi nyumbani akijisema, "Kichwa changu kina vyumba vingi sana. Shida ni kwamba wapangaji hawajahamia."

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake barazani. Mama huyu alikuja kuwasalimia mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki huo ulikuwa haujaisha mpaka sasa. Kabla ya kustaafu alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa. Sauti za mji mzima zilipita mikononi mwake, za waliojifungua na za waliofiwa. Tangu astaafu hakukuwa na mtu wa kumpigia, basi akawa anaupokea mtaa kwa macho.

"Mkwe, umerudi mapema. Umekamatwa?"

"Hapana, mama," Profesa alijibu akitazama chini, kama inavyompasa mkwe. "Nimepata kazi."

"Basi watakukamata kesho."

Usiombe kuwa tapeli katika nyumba yenye mama mkwe. Profesa alipitiliza jikoni, akamweleza mkewe mambo yote. Kila zahanati itatuma ujumbe wa simu kila asubuhi: wagonjwa wangapi, wanaumwa nini. Mtu ataupokea, atajibu kama mashine, na atapaka rangi kwenye ramani ndani ya kompyuta. Kule ofisini patafungwa runinga kubwa itakayoonyesha chochote kilichomo kwenye kompyuta hiyo.

"Ramani nitachora mimi," alisema mkewe, aliyekuwa akitengeneza kadi za harusi kwenye duka la uchapaji. "Ila anatakiwa mtu wa kukaa nyumbani siku nzima, asichoke kuongea."

Wote wawili wakageuka kutazama barazani.

Profesa alikwenda, akachuchumaa kwa adabu. "Mama, kuna kazi ya heshima. Ya taifa."

"Inaitwaje?"

"Wingu."

"Na wingu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

Mama mkwe akajifuta mikono kwenye kanga. "Nimeitwa majina mengi katika nyumba hii," akasema. "Hili ndilo la kwanza ninaloambiwa usoni. Lete hiyo simu."

Ilibaki benki. Sura ya Profesa ilikuwa ikijulikana katika mabenki kuliko nembo zao, kwa hiyo kampuni na akaunti vikaandikwa kwa jina la mama mkwe. Kadi Profesa akaitia soksini. Alijipongeza kwa akili hiyo njia nzima. Mtu akijipongeza njia nzima, wenzake tunapaswa kumwonea huruma.

Wingu likaanza kazi. Siku za mwanzo lilijibu kama lilivyoagizwa: "Ujumbe umepokelewa. Asante." Lakini haikupita wiki, likaanza kuongeza lake.

"Asante, mwanangu. Na wewe umekula?"

Muuguzi wa zahanati ya kilimani aliposoma hayo aliweka simu chini, akaiokota tena. Tangu aajiriwe hakuna ofisi iliyowahi kumwuliza. Miaka yote alikuwa anajaza fomu zinazokwenda zisikojulikana, na Ijumaa akiwa amechoka, namba nyingine alizitunga tu. Akajibu kwamba hajala. Wingu likamwambia ale kwanza.

Mwingine, aliyezoea njia za mkato, aliandikiwa, "Kikohozi cha leo umekiweka sawasawa na cha jana na cha juzi. Hata kikohozi hupumzika, mwanangu. Kahesabu upya." Naye, kwa aibu, akaenda kuhesabu upya.

Wauguzi wakaanza kutuma takwimu kabla ya kuombwa. Waliandika na mambo ambayo hakuna fomu iliyowahi kuyauliza: daraja limekatika, dawa za watoto zimekwisha, mgonjwa huyu ametokea mtaa ule. Ramani ya runingani ikajaa rangi, na Mkurugenzi akawa anakunywa chai mbele ya runinga hiyo kama anatazama mpira. Siku moja akamwita Profesa kwa haraka.

"Wingu limemwuliza muuguzi kama ameshamsamehe mumewe!"

Profesa akarekebisha miwani. "Hiyo ni akili bandia, Mheshimiwa."

"Inaingia mpaka ndani ya ndoa?"

"Toleo la bei nafuu huishia sebuleni. Nyinyi mmechukua lile kubwa."

Mkurugenzi akajaa fahari. Jioni hiyo alipiga simu makao makuu, akamwomba Daktari naye ajaribu wingu kutoka hukohuko aliko, na tarehe ya uzinduzi ikapangwa. Profesa akaanza kukunja nguo zake moja moja ndani ya begi, mkewe akiwa kazini.

Ndipo asubuhi moja mama mkwe alipomwita, na hakumtania.

"Mkwe, njoo utazame. Kuna watoto wanaharisha."

"Watoto huharisha, mama."

"Hawa wanaharisha barabara moja." Alielekeza kidole kwenye ramani, ambapo mkewe Profesa alikuwa amepaka nyekundu zahanati zote za barabara ya juu. "Bondeni wanachota kisimani, wazima. Huku juu bomba limekauka, wananunua maji ya lori la bluu. Nimemwuliza kila muuguzi. Lori la bluu, lori la bluu, wote lori la bluu."

"Mama," Profesa alisema kwa unyenyekevu, "sisi si hospitali. Sisi ni matapeli."

"Wewe ndiye tapeli," alijibu mama mkwe. "Mimi ni wingu."

Hapo simu ya Profesa ililia. Mkurugenzi alimtaka ofisini sasa hivi. Alimkuta amesimama mbele ya runinga, chai imepoa.

"Hiyo nyekundu ni ya nini?"

Profesa akaeleza habari ya maji ya lori. Mkurugenzi akaketi taratibu. "Lori ni la mdogo wangu," akasema. "Daktari anakuja kesho. Hiyo rangi iwe kijani, Profesa. Ukiniahidi, ninasaini malipo yote leo."

Kalamu tayari ilikuwa mkononi. Profesa alitazama ile kalamu. Maishani mwake alikuwa amewalaghai wenye tamaa, na akijisifu kwamba hakuna aliyewahi kuumwa zaidi ya moyo. Alitaka kusema jambo. Kilichotoka ni, "Itakuwa kijani, Mheshimiwa." Mkurugenzi akasaini.

Akarudi kwa miguu kupitia barabara ya juu, ingawa haikuwa njia yake. Zahanati ya kwanza ilikuwa imefurika mpaka kwenye kibaraza. Akina mama walikuwa wameketi sakafuni, watoto wamelegea mapajani kama nguo zilizoloa. Chupa ya dripu ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha, na msumari ulipong'oka, muuguzi aliidaka na kumtia mkononi mtu wa karibu aliyekuwa amesimama wima. Alikuwa Profesa.

"Inua juu. Usishushe."

Akainua. Mwisho wa mrija wa dripu ile kulikuwa na mtoto wa kike mwenye midomo mikavu, akamtazama usoni bila kupepesa. Profesa alikuwa amezoea kutazamwa na watu wanaokaribia kumwamini, lakini hakuwahi kutazamwa hivyo. Mkono ukamwuma, ukafa ganzi, akabadilisha mwingine. Chupa ilipokwisha, muuguzi aliichukua bila hata kusema asante, akakimbilia mwingine.

Ungedhani hapo aliokoka. Hapana, alitoka akijipangia. Aweke kijani mpaka kesho mchana, achukue fedha, kisha akiwa mbali apige simu awaambie watu wote habari ya lori. Akajiahidi kabisa. Na akajiamini papo hapo, maana katika wateja wote aliowahi kuwalaghai, hakuna aliyekuwa mwepesi kama yeye mwenyewe.

"Mama," alisema alipofika, macho chini, "ramani iwe kijani. Mpaka kesho mchana tu."

Alitegemea kutukanwa. Mama mkwe akasema kwa upole, "Haya, mkwe."

Upole ule ulimkosesha raha kuliko tusi.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa ofisi ulipambwa kwa vitambaa. Wauguzi walikaa nyuma, wageni mbele, na katikati yao Daktari wa makao makuu, mama mwembamba mwenye fimbo, aliyekuwa akiketi na kusimama kwa shida kwa sababu ya goti. Runinga ikawashwa. Ramani nzima ikawa kijani kibichi, kama shamba baada ya masika.

Mkurugenzi akahutubia. Alisifu wingu, akajisifu yeye, akarudi kwenye wingu kwa kifupi. "Sasa tunaona afya ya wananchi wetu kwa kutazama tu ukutani," akamalizia. "Na kama mnavyoona wenyewe, wako salama."

"Hata barabara ya juu?" Daktari akauliza kutoka alipoketi. "Hakuna kuhara?"

"Daktari, huko hakuna hata tumbo linalonguruma."

Nyuma, wauguzi wakaguna kwa pamoja, na mmoja wao akaliandikia wingu neno moja kwenye simu. Na papo hapo zahanati za barabara ya juu zikawaka nyekundu, moja baada ya nyingine, na juu ya ramani yakatokea maandishi makubwa: "Msinywe maji ya lori la bluu. Chemsheni maji. Aliye na mtoto anayeharisha asingoje, aende zahanati."

"Hitilafu!" Mkurugenzi akapaza sauti. "Profesa! Zima wingu!"

"Hakuna hitilafu," Daktari alisema, akiinuka kwa fimbo yake. "Ujumbe huo wauguzi waliupata jana, nami niliupata jana. Lori limekamatwa jana hiyohiyo, kimyakimya, tangi lake likijazwa kwenye bwawa la machimbo. Leo nilitaka tu nikusikie kwa masikio yangu, mbele ya watu, ukisema wako salama."

Mkurugenzi akafungua mdomo.

Profesa hakungoja kitakachotoka. Alipita mlango wa pembeni, akakata uchochoro, akafika kwenye mashine ya benki akihema, akatoa kadi soksini. Mashine ikaipokea namba, ikafikiri, ikaikataa. Akajaribu tena. Ikamkatalia tena, na safari hii ikaibakiza kadi. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, mashine imemeza kadi."

"Nimebadilisha namba ya siri, mkwe. Si ulisema wingu lazima liwe salama?"

"Lakini mama..."

"Rudi nyumbani. Kuna mgeni, na sukari imekwisha. Pitia dukani."

Angeweza kukimbia. Ila begi lilikuwa nyumbani, na mfukoni alikuwa na fedha ya sukari tu, kwa hiyo akanunua sukari.

Daktari alikuwa barazani, mguu umewekwa juu ya kigoda, akimsimulia mama mkwe habari za goti kama watu waliozaliwa nyumba moja. Mkewe Profesa aliegemea mlango. Begi lilikuwa katikati ya baraza, nguo zake zimeshatolewa na kuanikwa kwenye kamba, mbele ya mtaa mzima.

"Profesa," Daktari alisema, "niliiandikia mashine yako kwamba ninaumwa goti, ikaniuliza kama ninalikanda. Siku ya kwanza nilishangaa. Siku ya pili nikamwuliza jina lake. Tangu hapo tunazungumza."

Profesa akaketi chini, mbali kidogo. "Nifungwe tu," akasema. "Nishazoea benchi la polisi."

"Ningependa. Lakini mama hapa ameniomba, na hakubali kukataliwa. Hizo fedha ziko kwenye akaunti yake, hazijaguswa, na zinarudi kazini. Mafundi wa kweli watajenga mtambo wa kweli, takwimu zikae mahali salama, zisitegemee simu ya mtu mmoja. Lakini wauguzi wamesema hawatatuma chochote kwa mashine isiyowasalimia. Kwa hiyo mama ataajiriwa awe msimamizi wa mawasiliano, na dada hapa atasimamia ramani. Anatakiwa mtu wa kuzunguka zahanati kuwafundisha watu. Mwenye maneno mengi."

"Mshahara?"

"Utapitia kwa mama."

Profesa akanyanyuka, akaingia jikoni na sukari yake. Mkewe akamfuata.

"Nimetapeliwa," akamwambia.

"Na nani?"

"Na kila mtu. Mama yako, Daktari, mashine ya benki."

"Na mimi usinisahau," mkewe alisema, akimpokea sukari. "Namba mpya nilimchagulia mimi."

Mkurugenzi alisimamishwa kazi pamoja na tai yake, na mdogo wake akaenda kueleza habari za bwawa mahali ambapo watu huandika unachosema. Barabara ya juu bomba likatengenezwa. Watoto wakapona, mmoja mmoja, taratibu, lakini wakapona.

Profesa akapewa kofia ya ofisi na njia za kutembelea. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo lilimhuzunisha sana. Siku moja, katika zahanati ya mbali, alimaliza somo akaketi kwenye benchi karibu na mama aliyempakata mtoto aliyenona. Mama yule alikuwa akitabasamu na simu yake.

"Huyu wa kwenye wingu," alimwambia Profesa, "ndiye aliyemwambia muuguzi wetu aje mpaka nyumbani kumtazama mwanangu. Bila yeye sijui. Hivi ni mashine kweli, au ni mtu?"

Miaka yote Profesa alikuwa na jibu tayari kwa swali lolote, na hakuna hata moja lililokuwa kweli. Akayatafuta majibu hayo sasa, akaona hayataki kuja.

"Ni mtu," akasema. "Ni mama mkwe wangu. Anakaa kwangu, chumba cha nyuma."

Yule mama akamtazama. Akaitazama kofia, akaitazama miwani ya vioo vitupu. Kisha akacheka, akatikisa kichwa, na polepole akahamishia mkoba wake upande wa pili.